Arobaini ya Aliye Hai

Sehemu ya kumi na moja

Sinia la halua halikuanguka. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mmebishana wiki nzima.

Tulimwacha Bi Tuba kwenye mlango wa nyuma wa jiko lake, kusini mwa Tehran, sinia mikononi, akitazamana na kijana ambaye chumba cha pili wanawake thelathini walikuwa wakimsomea arobaini. Kijana huyo ni Yadullah, mwanawe wa pekee. Msomaji mmoja ameniandikia barua kali kwamba maiti hafufuki. Bwana mkubwa, hakufufuka. Hakufa.

Bi Tuba aliliweka sinia chini taratibu, akajifuta mikono, kisha akamzaba mwanawe kofi.

"Mama!"

"Nyamaza."

Akamzaba la pili. Halafu akamvuta kifuani na kumng'ata bega ili kilio kisitoke.

"Nasikia watu," Yadullah alinong'ona.

"Watu wako hao. Wamekuja kukulilia. Ingia upesi!"

Alimsukuma kwenye kijichumba kando ya jiko, ambako magodoro ya wageni yalirundikwa nyuma ya pazia la maua. Akamketisha nyuma ya magodoro, naye akachuchumaa mbele yake.

Uliyeanza kutusoma leo, shika hili tu. Yadullah alikuwa askari wa lazima katika kikosi cha mfalme. Siku tatu za mwisho za utawala wa mfalme, mji ulipokuwa unawaka, Bi Tuba aliletewa maiti yenye sare ya kijeshi, kitambulisho cha Yadullah mfukoni, uso hautazamiki. Mtaa ukaamua wenyewe: huyu ni askari aliyekataa kuwapiga wananchi risasi, maofisa wake wakamuua. Kichochoro kikapewa jina lake. Mwanzoni mwa kichochoro pakawekwa kibanda cha vioo na taa chenye picha yake, kama anavyofanyiwa kijana aliyekufa kabla ya kuoa. Bi Tuba akawa mama wa shahidi, na foleni ya mkate ikawa inampisha.

Mfalme mwenyewe ameshatoroka. Waliompigania sasa wanapigwa risasi wao, na picha zao zinatoka gazetini asubuhi wakiwa wamelazwa vifua wazi.

"Niambie ulikataa kupiga risasi," Bi Tuba alisema. "Niambie hilo moja tu, mengine nitamalizana nayo."

Yadullah aligeuzia uso ukutani.

"Yadullah!"

"Kuna lori linaenda mpaka wa Uturuki leo jioni. Nipe nguo za baba na mkate. Sitakusumbua tena."

"Niliyemzika ni nani?"

"Kijana tu. Simjui. Aliruka ukuta wa kambi siku ya pili, mimi niko zamu."

"Ukampiga."

"Aliruka ukuta, mama! Ningefanyaje, nimkaribishe chai?"

"Ukampiga, Yadullah."

"Nikampiga."

Chumba cha pili kisomo kilifika mahali pa kulia, na wanawake wote wakalia kwa pamoja. Bi Tuba aliwasikia wakilitaja jina la mwanawe.

"Maofisa walikuwa wanachoma makaratasi," Yadullah aliendelea haraka haraka. "Nikajua tumekwisha. Nikamvua nguo zake nikavaa mimi, nikamvika zangu, nikamtilia kitambulisho. Nimeishi kwenye tanuri la matofali siku zote hizi. Nilikuwa nakula viazi vibichi."

"Na uso?"

"Uso gani?"

"Mimi ndiye niliyefunuliwa ule uso! Risasi ilikuwa kifuani, nimeiona. Uso nani aliufanya vile?"

Yadullah alizitazama soksi zake.

"Wangemtambua, mama," alisema.

Bi Tuba aliketi chini kabisa. Mimi ninayewasimulia nilitamani ainuke pale pale, atoke nje, apige yowe. Hakupiga. Alimtengenezea mwanawe kola ya sweta kama alivyokuwa akimtengenezea alipokuwa anakwenda shule, akavuta pazia.

"Usikohoe," alimwambia. "Hata ukifa, usikohoe."

"Dada Tuba! Umepotelea wapi?"

Sauti hiyo ilitoka jikoni, na ilikuwa ya Bi Ismat.

Mnamkumbuka Bi Ismat wa nyumba ya tatu. Mwanawe wa mwisho, Behruz, miaka kumi na tisa, alitoka nyumbani siku ile ya pili ya mapigano na hakurudi mzima wala maiti. Amemtafuta hospitali zote na vyumba vyote vya maiti. Kwa kuwa hana kaburi, kila Alhamisi humfuata Bi Tuba makaburini. Mara ya kwanza alimwambia, "Dada, niazime kaburi lako nilie kidogo." Bi Tuba akamsogelea, akampisha upande wa kichwani.

Tena ameweka nadhiri. Palipo na matanga, Bi Ismat huinama mlangoni na kupanga viatu vya waombolezaji jozi kwa jozi, pua zikitazama nje, mtu akitoka atie mguu tu. Ameahidi kufanya hivyo mpaka Mungu amrudishie Behruz. Watu wamemwambia apumzike, mgongo utamuua. Hasikii.

Bi Tuba alitoka kijichumbani na kuufunga mlango nyuma yake.

"Nilikuwa natafuta sinia," alisema.

"Sinia si hili hapa chini, karibu nilikanyage? Maskini dada yangu, akili imeruka. Wageni wanakunywa chai kavu, na yule mnene wa mwanzo wa mtaa ameshaanza kulamba sukari. Njoo kwanza uone nilichokuletea."

Akakunjua kitambaa cha buluu chenye maua madogo.

"Leo unavua nyeusi. Arobaini imeisha na kesho ni mwaka mpya. Mimi mwenyewe nitakuvua na nitakupaka hina, usinikatalie."

"Na wewe, Ismat?"

"Mimi nivue kitu gani? Sijavaa. Nikivaa nyeusi nimemuua, nikivaa rangi nimemsahau. Naishi na hii kahawia." Alicheka kidogo. "Siku ile kamba ya kiatu ilimkatikia mlangoni. Nikamfunga cha kushoto na uzi mwekundu wa sufu, huku anapiga kelele, 'Mama, nitachelewa mapinduzi!' Nikamwambia mapinduzi yatakusubiri, keti. Ningejua ningefunga polepole. Ningefunga mpaka jioni."

Kisa cha uzi mwekundu Bi Tuba alikuwa amekisikia mara mia. Leo kilimwingia kama maji ya barafu. Siku ya pili. Kijana. Nguo zake nikavaa mimi.

"Basi, tuache hayo," Bi Ismat alisema. "Viatu vya mbele nimemaliza. Ngoja nipange na vya mlango huu wa nyuma."

Hapo ndipo Bi Tuba alipozikumbuka soksi za Yadullah.

Ndugu zangu, hebu fikirini. Mtu anatafutwa na nchi nzima, shingo yake haina bei, na bado hawezi kulikanyaga zulia la mama yake na viatu. Ndivyo tulivyolelewa sisi. Alipofika kizingitini aliinama, akavivua, akaviacha pale na viatu vya wapishi, halafu ndipo akainua macho kumtazama mamaye.

"Acha!" Bi Tuba alimshika mkono. "Nitapanga mimi."

"Wewe mfiwa unipangie viatu? Haki ya Mungu haiwi."

"Nakuomba, dada."

"Naomba mimi. Nyumba yako naiona kama yangu, niachie angalau hili."

"Utaumia mgongo."

"Mgongo wangu ni wako, kaa hapo. Usinivunjie nadhiri yangu, Tuba!"

Walivutana kwa adabu namna hiyo, kila mmoja akimzidi mwenzake kwa upole, na mtu aliyepita angedhani wanagombea kulipia mkate. Bi Ismat akashinda. Akainama.

Bi Tuba aliuona mgongo wa Bi Ismat ukisimama katikati ya kazi. Kisha akasikia ukelele ambao wanawake thelathini waliuacha uchungu wao wakaukimbilia.

"Behruz! Behruz wangu! Yuko hapa! Mwanangu yu hai!"

Alikuwa amekikumbatia kifuani kiatu cha kushoto chenye matope, uzi mwekundu ukining'inia. Alikibusu. Matope yalimjaa midomoni, akazidi kukibusu.

Wanawake walijaa jikoni, kila mtu akisema lake. Mara kwenye mlango wa mbele ikasikika sauti ya mwanamume akibisha hodi. "Ya Allah! Ya Allah! Ya Allah!" Wanawake wakavuta buibui. Gholamreza, mwana mkubwa wa Bi Ismat, alivua buti zake mlangoni na kuingia kwa soksi, bunduki begani, macho chini kwa heshima.

Miezi miwili iliyopita huyu alikuwa fundi wa majiko ya mafuta. Leo ndiye mkuu wa kamati ya mapinduzi ya mtaa, na wapo watu wazima wanaobadilisha njia wakimwona. Lakini nyumbani kwa mama wa shahidi huingia kama mtoto wa madrasa.

"Mama, nini?"

"Kiatu cha mdogo wako! Tazama uzi! Uzi wangu huu!"

Gholamreza alikichukua. Aliupapasa uzi kwa kidole gumba. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria. Alitia mkono ndani ya kiatu.

"Kina joto," alisema. "Mama Tuba, nani amevua viatu hivi?"

Watu wote walimgeukia Bi Tuba.

Angeweza kusema alivinunua kwenye mitumba, lakini kiatu cha mtumba hakiwi na joto. Angeweza kusema kweli. Nyuma ya mlango ule, hatua tano tu, mwanawe alikuwa amebana pumzi. Bi Tuba akapiga moyo konde na kusema jambo baya kuliko yote aliyowahi kusema maishani.

"Behruz," alisema. "Alikuja Behruz."

Bi Ismat alianguka miguuni pake. Alimbusu miguu, magoti, mikono. Wanawake walipiga vigelegele ndani ya nyumba ya matanga. Yule jirani mnene alilia huku anatafuna halua, akisema Mungu amechukua kwa mlango mmoja na kurudisha kwa mwingine.

"Kwa nini hukuniita, dada? Kwa nini?"

"Alinikataza. Alijeruhiwa mguu, akafichwa na watu wema nje ya mji. Hakutaka umwone na uchafu ule. Amekwenda hamamu kwanza, halafu aje kwako."

"Hamamu!" Bi Ismat alicheka na kulia kwa pamoja. "Ndiye! Ndiye hasa! Tangu mdogo hataki nimwone mchafu. Amekonda?"

"Kidogo."

"Aliniulizia?"

"Alikuulizia wewe kabla ya kuulizia maji," Bi Tuba alisema, na ulimi haukumkatika.

Gholamreza bado alikuwa na kiatu mkononi.

"Amekwenda hamamu," alisema polepole.

"Naam, mwanangu."

"Pekupeku? Na matope haya?"

Uongo ukishaanza hupata miguu.

"Nimempa makubadhi ya marehemu mume wangu. Hivyo viatu vilimchubua, vimelowa."

Gholamreza alimtazama kidogo, kisha akainamisha kichwa. "Mungu akuzidishie, mama. Nitamfuata nimbebe mgongoni." Akatoka, akavaa buti, akakimbia.

Wanawake nao wakatawanyika, huyu kuchukua uvumba, yule kuchukua mayai ya kumwondolea kijana husuda, wengine wakasubiri kichochoroni wampokee. Nusu saa ilitosha. Bi Tuba alipiga hesabu ya njia: mlango wa nyuma, kando ya mtaro, barabara ya malori.

"Nenda nyumbani ukaandae, Ismat. Atakuja kwako."

"Hapana. Atafikia hapa, hapa ndipo alipovua viatu. Atakuwa amechoka, mguu unamuuma. Namtandikia godoro karibu na jiko."

"Nitatandika mimi!"

"Wewe umeshanipa mwanangu, unataka unitandikie na kitanda? Keti, mama wa shahidi. Leo mimi ni mtumishi wako."

Akausukuma mlango wa kijichumba. Bi Tuba alimvuta buibui, buibui likabaki mkononi. Bi Ismat alikuwa anaimba wimbo mdogo wa kubembelezea watoto. Akavuta pazia. Akashika godoro la juu, akalishusha.

Nyuma yake alikaa Yadullah, magoti kidevuni.

Wimbo haukukatika mara moja. Uliendelea maneno mawili matatu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani na kudhani imebaki moja.

"Yadullah?" alisema. "Yadullah wewe si..."

Ndipo alipoliona sweta. Alilifuma yeye mwenyewe, kijivu, mikono mirefu kwa sababu Behruz alikuwa bado anakua. Alipiga magoti na kulishika kama mnunuzi dukani, akapapasa mshono wa bega, akapapasa kifua. Upande wa kushoto palikuwa na tundu, kandokando pamekauka na kuwa pagumu. Akatia kidole. Kidole kiliingia chote, mpaka kikaigusa ngozi ya Yadullah.

Yadullah hakusogea. Hakukohoa pia.

"Lile kaburi," Bi Ismat alisema bila kugeuka.

"Dada..."

"Niliomba uniazime lile kaburi, Tuba. Siku arobaini nimekuomba ruhusa ya kumlilia mwanangu."

"Sikujua! Naapa kwa Mungu, nimejua sasa hivi!"

"Najua hukujua. Jana hukujua." Aligeuka. Matope ya kiatu yalikuwa bado mdomoni mwake. "Lakini sasa hivi, pale jikoni, ulijua. Ungeniambia amekufa ningekaa chini nikalia, na wewe ungenishika, na pengine ningekusamehe. Wewe ukanipa akiwa hai. Ukamkondesha kidogo. Ukampeleka hamamu."

Bi Tuba alijitupa chini. Aliibusu miguu ya Bi Ismat, mahali pale pale alipobusiwa yeye robo saa kabla.

"Sina mwingine. Nina huyu tu, Ismat. Nina huyu tu."

"Mimi nilikuwa na wawili."

"Ataondoka leo. Hutamwona tena. Chukua kaburi, chukua jina la kichochoro, ibandue picha yake uweke ya Behruz, nitasema mbele ya watu wote! Chukua nyumba!"

"Mama," Yadullah alisema. Haikujulikana anamwita yupi. "Nilikuwa na amri."

Bi Ismat alimtazama. "Alisema chochote?"

"Nani?"

"Mtoto wangu. Alipoanguka."

Yadullah alilamba midomo. Angeweza kusema uongo hata yeye, mamaye alikwisha kumwonyesha njia. Lakini alikuwa na njaa, usingizi na woga, na kweli ikamtoka kama inavyomtoka mpumbavu.

"Alisema nisimpige tena."

Nje mlango wa mbele ulijigonga ukutani. Sauti ya Gholamreza ilivuka uwanja mdogo wa nyumba.

"Mama! Mama Tuba! Hamamu imefungwa leo! Mwenye hamamu yuko kwenye arobaini, nimemkuta amekaa na wanaume nyumba ya jirani, ufunguo uko mfukoni mwake!"

Bi Tuba aliinua uso kutoka sakafuni. Alimtazama Bi Ismat kwa macho ambayo hayakuwa na ombi tena, maombi yalikuwa yamekwisha. Bi Ismat alijifuta mdomo kwa kiganja. Alilikunja lile godoro alilokuja kumtandikia mwanawe, akaliweka kando vizuri, kama anavyopaswa mgeni mwenye adabu.

Halafu akaita, kwa sauti tamu ile ile ya wimbo.

"Njoo huku, Gholam. Mdogo wako amepatikana."

Hatua zilikuja upesi. Bi Tuba alisubiri zisimame kizingitini, kama zilivyosimama siku zote katika nyumba ya mama wa shahidi. Alisubiri kusikia "Ya Allah" tatu, na buti zikivuliwa.

Gholamreza hakusema neno. Na safari hii buti zilipita moja kwa moja juu ya zulia.